Kadi ya Ndani ya Jora

Kule Kericho, nilipokuwa nachuma chai mwanzoni mwa miaka ya sitini, kulikuwa na mwanamume mmoja aliyenunua viatu na hakuvivaa. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi, na vilikaa ndani ya boksi vilivyotoka nalo dukani. Jumapili alilibeba boksi kichwani mpaka kanisani, akaliweka kwenye benchi pembeni yake kama mtu aliyekuja na mkewe, na ibada ikiisha akarudi nalo kambini, miguu mitupu imejaa matope. Ukimwuliza alisema, "Hivi ni vya kuingia navyo kwetu. Nikivimaliza hapa, kwetu nitaingia na nini?" Watu walimcheka. Mimi pia nilimcheka, nisiseme uongo.

Sasa mvua ya Kericho ni kama mtu wa kazi, saa tisa imefika. Jumapili moja ilitukuta njiani. Boksi likalowa, likalegea, chini yake pakafunguka kama mdomo, kiatu kimoja kikaanguka kwenye mtaro na maji yakaenda nacho. Yule mtu alikimbia kando ya mtaro akikiita kile kiatu, kweli alikiita, kama unavyoita mbuzi. Hakukipata. Alibaki na kimoja, na hicho kimoja akaendelea kukipaka rangi kila Jumamosi mpaka mkataba wake ulipokwisha. Sijui alikwenda nacho wapi.

Mimi niliokota boksi. Nilitaka la kuwashia moto, basi. Lakini nilipolianika juu ya mawe ya jiko nikaona limeachana, ngozi juu ya ngozi, kama kitunguu. Nilikuwa nafikiri kadi, hii karatasi ngumu ya maboksi, ni kitu kimoja, kama ubao. Kumbe ni karatasi nyingi zimeshikana mikono, na maji yakiingia zinaachiliana. Nilikaa nalitazama lile boksi mpaka ugali ukaungua. Nilisoma mpaka darasa la pili tu, na hata Kiswahili hiki nilikiokota huko huko kwenye chai, kwa hiyo sikuwa na vitu vingi vya kufikiria. Hilo la kadi likaniingia.

Nilipomaliza kazi huko nikarudi nyumbani Birongo, upande wa Kisii, na mke wangu ndiye aliyejua maua ya karatasi. Masista wa misheni walimfundisha akiwa msichana. Alitengeneza maua ya altare, na ya arusi, na mashada ya kuweka juu ya kaburi. Mimi nikawa mtu wa chini ya maua. Namaanisha nilikata kile kitu kigumu ambacho maua yanakaa juu yake, kwa sababu ua la karatasi bila kadi nyuma yake halifiki jioni, hasa kwetu ambako kila mchana kunanyesha. Tulikaa hivyo, yeye upande huu wa meza na mimi upande ule, na kati yetu sufuria ya gundi, yaani uji wa unga wa ngano. Tulitia pilipili ndani ili mende wasiile. Ukijisahau ukajifuta jicho, utalia mpaka jirani aje kuuliza nani amekufa.

Halafu akafa yeye. Sitaki kueleza hilo. Watoto wetu watatu walikuwa wamekufa wadogo, akabaki mmoja, mvulana, na huyo wakati huo alikuwa shule ya bweni. Nikabaki na meza. Nikajaribu kutengeneza maua peke yangu lakini karatasi laini haikunipenda, vidole vyangu ni vya jembe. Kwa hiyo nikaanza kukata maua yenyewe kwa kadi. Yalitoka magumu, yanafanana na pareto, meupe na katikati manjano. Watu wakayapenda kwa sababu pareto walikuwa wanaijua, wanaichuma kila wiki. Ila hawakuacha kunitania. "Wenzako Tabaka wanachonga mawe," waliniambia sokoni, "wewe unachonga karatasi. Mvua ikija, wao wanaingia ndani na wewe unalia."

Na ni kweli, mvua ndiyo ilinifanya niwe mtu wa kuchagua kadi. Nikaijua kadi kama wengine wanavyojua ng'ombe. Kwanza unaikunja kidogo tu, huivunji. Kadi ina nyuzi kama mti. Ukiikunja kufuata nyuzi inakutii, ukizikata inakasirika na kupasuka mgongoni. Kisha unaipiga kwa ukucha. Inayolia kavu ni nzima, inayosema pu ni ya kula maji. Kisha unaipumulia. Ukiona imeanza kujipinda kwa pumzi yako tu, irudishe, hiyo haitaweza nyumba yenye jiko. Mwisho unairamba pembeni. Ulimi ukishika, kadi ina kiu.

Kwa Mhindi mmoja wa Kisii mjini nilikamatwa nikiramba.

"Wewe mzee! Nakula karatasi yangu?"

"Naonja tu, bwana."

"Onja chapati! Karatasi nunua!"

Lakini alinizoea. Baadaye nikiingia alikuwa ananiambia, "Leo manila mpya, haina chumvi bado."

Manila ya dukani, nikwambie, ni nzuri ya macho. Nyeupe, inang'aa, watoto wa shule wanaipenda. Lakini haina uti wa mgongo. Boksi la sabuni lina mawimbi katikati, huwezi kulikata petali. Boksi la viatu ulishasikia habari yake. Nilikwenda mpaka Nyamira, kwa karani wa ofisi moja, nikamwomba majalada ya mafaili ya zamani. Kadi ya faili ni ngumu, ya rangi ya uji, imekaa na siri za watu miaka mingi ikajifunza kunyamaza. Karani akanitazama juu mpaka chini. "Mzee, hayo ni ya serikali hata yakizeeka." Nikasema sawa. Hata mimi nazeeka na sijui ni wa nani.

Sasa ngoja niseme ensoni, maana bila hiyo huwezi kuelewa nilichofanya. Ukiitafsiri utasema ni aibu, lakini si aibu ya mtu aliyeiba. Ni heshima yenye ukuta. Kwetu, mtoto wako wa kiume akishaoa na moto ukawaka ndani ya nyumba yake, wewe baba yake hukanyagi humo. Utakaa naye nje, mtakunywa chai chini ya upenu wako, mtazungumza ng'ombe na shamba. Lakini mlango wake si wako. Mke wake hakupi mkono, wala humtazami usoni. Hata nyumba ikiwaka moto utasimama uwanjani upige kelele wengine waingie. Hivyo ndivyo baba yangu alivyonifanyia, na nyumba yangu hakuiona ndani mpaka anakufa.

Mwanangu alioa mwanzoni mwa miaka ya sabini, msichana wa upande wa Nyamira, wa watu wa Sabato, naye mwanangu akawafuata kwenye Sabato. Sikukasirika. Alijenga nyumba ya mabati mbele ya yangu, hatua labda thelathini. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Miaka yote ile ya meza tupu, sasa kuna moshi mwingine uwanjani. Jioni yule binti aliniletea chakula. Alikiweka juu ya kigoda chini ya upenu wangu, akakohoa mara moja, akaondoka kabla sijatoka. Kile kikohozi ndicho kilikuwa salamu yetu. Nilikuwa nakingoja tangu saa kumi. Sikutaka kitu kingine duniani, niwaambie wazi, ila nizeeke hapo hatua thelathini kutoka kwao, nisikie mtoto akilia na mlango ukifungwa, na siku yangu ikifika wasikie wao kwamba nimenyamaza.

Basi nikataka kuwafanyia kitu. Walikuwa na picha ya arusi, waliyopigwa mjini, na haikuwa na fremu. Nikasema nitaitengenezea fremu ya kadi, ua moja kubwa la pareto lenye petali nyingi, picha ikae katikati mahali pa manjano. Mke wangu angekuwapo angefanya laini na nzuri. Mimi nitafanya ngumu. Lakini lazima iwe kadi ambayo moshi na mvua havitaipinda, kwa sababu nikishaitoa mkononi sitaiona tena. Itaingia kule ndani. Siwezi kuingia kuinyoosha.

Niliitafuta kadi hiyo nusu mwaka.

Niliipata Masimba, kwenye duka la mama mmoja aliyeuza vitambaa. Alikuwa anapima kitambaa cha buluu chenye vidoa vyeupe, anageuza jora juu ya meza, pa, pa, pa, na kila likigeuka nasikia sauti ndani yake. Kavu, kama kofi. Nikasogea. Jora la kitambaa limezungushwa juu ya kadi ndefu, pana kama mkono wangu mpaka kiwiko. Nikaingiza kidole pembeni nikaigusa. Sijui nielezeje. Imebanwa na kitambaa kutoka kiwandani mpaka Masimba, haijaona mvua wala jua, imenyooka kama mtu mwenye dhamiri safi.

"Mama, hii kadi ya ndani unaifanyia nini?"

"Nawashia jiko."

Moyo ukaniuma. "Nipe mimi."

"Kitambaa kikiisha."

Kilikuwa kimebaki kingi. Siku ya soko iliyofuata nikarudi, bado. Nyingine, bado. Yule mama akaniuliza mbele ya wateja, "Mzee, wewe unanunua kitambaa au unangoja mazishi yake?" Watu wakacheka. Nikaona nikisubiri hivi itawashiwa jiko siku nisipokuwapo. Kwa hiyo nikaanza kukaa mlangoni kwake siku za soko na kukisifu kile kitambaa. Mimi, mwanamume mzima. "Dada, hii rangi haichuji. Tazama vidoa hivi, ukivaa unaonekana mdogo."

Mama mmoja mnene akashika kiuno. "Tangu lini wanaume wakajua rangi inayochuja?"

"Tangu nifiwe," nikamjibu, "nafua mwenyewe."

Akanunua. Nadhani alinunua kwa huruma, lakini akanunua, na wengine wakamwona wakanunua. Kabla ya mavuno ya wimbi, soko la Birongo lilikuwa buluu na vidoa vyeupe kila upande, ungesema ni shule imefungua ya wanawake wazima. Hata mke wa mwanangu alishona gauni la kitambaa hicho, ingawa mimi sikumwambia chochote. Jora likaisha. Mama wa duka akanitolea kadi kwa mikono miwili kama anayenikabidhi mtoto, akasema, "Chukua maiti yako, mzee."

Nilifanya kazi wiki tatu. Kadi ilikuwa ngumu mpaka mkasi ukanichubua kidole gumba. Nilikata kila petali kufuata nyuzi, nikabandika mbili mbili nyuzi zikipishana ili moja ikitaka kujipinda nyingine iishike. Nikaziacha chini ya mawe. Kisha nikaining'iniza yote chini ya upenu siku nne, ukungu uipige. Haikusogea. Nikampa mwanangu jioni moja.

"Tata, ni nzuri," akasema. Tata ndiyo baba, kwa lugha yetu. Akaichukua akaingia nayo, nikasikia nyundo mara mbili, tatu, basi.

Hapo ndipo shida yangu ilianza. Nilidhani nikimaliza nitatulia. Lakini kila mvua ikinyesha nilifikiria ile kadi. Nilimwuliza mwanangu, "Imekaaje?"

"Imekaa vizuri, tata."

"Pembe ya chini haijainuka?"

"Haijainuka."

Baada ya wiki nikamwuliza tena. Baada ya msimu nikamwuliza tena. Siku moja akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Tata, ni karatasi tu." Akaenda kufunga ndama. Nikabaki pale. Aliyesema ni karatasi tu, ataona vipi kama imeanza kujipinda? Kadi inapoanza kuharibika huoni kwa macho ya kawaida. Nikaanza kupita karibu na dirisha lao nikijifanya natazama ndizi. Niliona petali moja na nusu. Hiyo nusu ilinitesa.

Mtoto wao alikuwa amezaliwa, wa kike, ana meno mawili, siku ile ninayotaka kuisema. Ilikuwa Jumamosi. Jumamosi wao huenda kanisani na mimi nabaki na uwanja mzima, mimi na kuku. Ilikuja mvua ya upepo, ile inayokuja na mawe. Mlango wa nyumba ya mwanangu ukapigwa ukafunguka, ukajipiga ukutani, na nikaona maji yanaingia ndani kwa ubavu. Ukuta wenye picha ni ule unaotazama mlango. Hilo nilishalijua kwa sauti ya nyundo.

Nilivuka uwanja kwenda kuufunga. Naapa nilikwenda kufunga mlango tu. Nilifika kizingitini, nikashika mlango, nikainua macho, na nikaiona.

Ilikuwa imenyooka. Misimu minne ya mvua na moshi, na hakuna petali iliyoinuka hata upana wa uzi. Weupe wake ulikuwa umegeuka rangi ya maziwa yaliyopikwa, ikapendeza zaidi. Mwanangu na mkewe walikuwa pale katikati, kwenye picha, wamekaza nyuso kama watu wanaosubiri daktari. Sijui miguu yangu ilisogea saa ngapi. Nilijikuta niko mbele yake, napitisha kidole pembeni, nyuma, kote, na nilikuwa nacheka peke yangu.

Na hata hapo ningetoka salama. Lakini kwenye petali moja walikuwa wamechomeka kadi ya kliniki ya mtoto. Nikaigusa. Ilikuwa kadi ya namna ambayo sikuwahi kuiona, nyembamba lakini ngumu kama mfupa. Nikaitoa. Nikaikunja kidogo, nikaipiga kwa ukucha, nikaisikiliza. Na Mungu anisamehe, nilikuwa nimeipeleka mdomoni niirambe pembeni, ndipo pazia la chumba likasogea.

Yule binti hakuwa ameenda kanisani. Mtoto alikuwa na homa. Alisimama pale na gauni la buluu lenye vidoa, mtoto begani, na mimi baba mkwe wake nimesimama katikati ya nyumba yake na kadi ya mtoto wake mdomoni. Aligeuza uso ukutani. Mimi nikairudisha kadi mahali pake, na hata wakati huo, nisiwafiche, niliirudisha kwa uangalifu. Nikatoka nikiwa natazama chini. Mlango sikuufunga.

Jioni ile hakuna aliyekohoa chini ya upenu wangu.

Kesho yake alichukua mtoto akaenda kwao, Nyamira. Kaka yangu mkubwa akaja na fimbo yake, hakukaa.

"Ulipoteza ng'ombe humo ndani?"

"Hapana."

"Ulikuwa unatafuta nini basi, wewe mtu mzima?"

"Nilitaka kuona kadi."

"Kadi!" Akatazama pande zote kama anayetafuta mtu wa kumshuhudia. "Mbwa akiingia jikoni tunajua amefuata nyama. Wewe umefuata karatasi! Toeni mbuzi, wazee waje, muoshwe nyote kwa damu yake. Bila hiyo yule binti harudi, na watu wake hawatamruhusu."

Mbuzi ningetoa. Ningetoa na ng'ombe. Lakini mwanangu alikuwa amesimama pembeni, akasema polepole, "Baba mkubwa, mimi damu siwezi. Kanisa limekataa. Tutaomba." Kaka akamwambia, "Ombeni, na mkimaliza kuomba mkalale peke yenu." Kule Nyamira nako wakasema, sala wanaikubali, lakini binti yao hapiki katika nyumba ile wala halali mpaka mambo yafanywe kama yanavyofanywa. Nao ni watu wa Sabato! Ensoni ilikuwapo kabla ya Sabato na kabla ya Jumapili.

Wiki zikapita. Mwanangu alijipikia, mimi nikajipikia, mioshi miwili na hakuna sauti hata moja. Siku moja nilimwambia, "Mwanangu, nimekuharibia."

"Sina neno na wewe, tata," akasema. Lakini alisema akitazama ndoo. Alikuwa amekonda. Nilijua hatatoa mbuzi, na nilijua hatanilaumu, na nilijua hawezi kukaa hivi mwaka mzima bila kuwachukia watu wote, akianza na mimi. Nikapiga hesabu yangu ya darasa la pili. Ensoni ni ya watu wawili walio karibu. Mmoja akitoka, inabaki ya nani? Nyumba ambayo baba hayupo, haina baba wa kuiingia.

Hakuna aliyenifukuza. Nasema hili kwa sababu nimesikia watu wakisema nilifukuzwa.

Ilikuwa siku ya soko, asubuhi, kumetulia. Mwanangu alikuwa shambani kwenye chai. Nilifagia uwanja, wake na wangu, nikaacha ufunguo juu ya kigoda. Nikavaa koti. Kwa jirani nilimkuta mama mmoja anaanika wimbi.

"Bwakire, mzee," akanisalimu kwa lugha yetu. "Leo tena unafuata makaratasi?"

"Ndiyo, mama."

"Rudi mapema, leo itanyesha."

Nikamwambia nimesikia. Nikapanda mpaka barabarani, nikapita Masimba nikaliona duka limefunguliwa na jora jipya limesimamishwa mlangoni, jekundu, na sikuingia. Nikafika Keroka. Pale njia inashuka kwenda Sotik nikakaa kidogo juu ya jiwe nikatoa kokoto kwenye kiatu. Kisha nikasimama nikaishika hiyo njia, na kwetu sijarudi.